Kila Mtu na Kipande Chake

Mama Cherehani hakuwa mtu wa hasira. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Mimi si mtu wa hasira! Lakini nyumba hii mtanitia wazimu!"

Asubuhi hiyo kosa lilikuwa la mkasi. Mtu alikuwa amekatia karatasi kwa mkasi wa kitambaa. Mshonaji yeyote atakuambia kwamba mkasi wa kitambaa ukikata karatasi, makali kwaheri. Bibi alisema si yeye. Mjomba alisema si yeye, na tena akaanza kueleza namna bora ya kunoa mkasi, ingawa hajawahi kunoa hata kisu cha jikoni.

Chiriku hakusema kitu. Alikaa mezani mbele ya kompyuta ndogo ya zamani, akiitazama skrini ya kijivu.

Mama Cherehani akaacha kelele. Mtoto huyo aliitwa Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi. Tangu alipojifunza kusema, aliongea akila, akioga, hata akiwa usingizini. Sasa wiki nzima nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimchosha mama yake kuliko kelele zote za zamani.

Sababu ilijulikana. Baba yake Chiriku alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Alikwenda kufanya kazi mbali sana, kwenye ujenzi wa daraja kubwa. Alipaswa kuwa amesharudi, lakini mkataba wake ukaongezwa. Kwa simu, baba na mwana hawakuwa na la kusema.

"Umekula?"

"Ndiyo."

"Shule?"

"Nzuri."

"Haya, mpe mama."

Lakini Jumapili alasiri ilikuwa siku nyingine. Kule kambini wafanyakazi walikuwa na ukumbi wa mapumziko wenye kompyuta na intaneti nzuri. Baba aliingia kwenye gemu moja la kujenga mji. Chiriku naye aliingia kutoka nyumbani. Baba alikuwa mtu mdogo mwenye kofia ya njano. Chiriku alikuwa mtu mdogo mwenye viatu vyekundu. Walijenga barabara, soko na shule, na walipojenga waliongea. Humo ndani Chiriku alisema kila kitu: mwalimu aliyemwonea, rafiki aliyemnunia, jino lililomuuma. Mama Cherehani alikuwa akishona huku anasikiliza, na ndivyo alivyopata habari za mtoto wake mwenyewe.

Kisha gemu likabadilishwa. Likaongezewa mvua, mito na vivuli. Likapendeza, na likawa zito. Kompyuta ya zamani ikashindwa kulifungua.

"Tunanunua kompyuta mpya," akasema Mama Cherehani siku ile ya mkasi. "Fedha za cherehani ya pili zitangoja. Tunanunua ya kuchezea gemu, na tunanunua moja tu, ya maana."

Hapo angenyamaza, aende dukani na mtu anayejua, mambo yangekuwa mepesi. Lakini nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Hakuna kitu kikubwa kilichonunuliwa na mtu mmoja. Kila mtu alichagua sehemu yake, ili asiwepo wa kununa. Walipotengenezesha kochi, Bibi alichagua miguu, Mjomba akachagua mbao, Mama Cherehani akachagua kitambaa. Miguu ilikuwa mirefu na mbao zilikuwa fupi. Wageni waliokaa kwenye kochi hilo walining'iniza miguu kama watoto wa chekechea. Lakini hakuna aliyenuna.

"Tutakwenda wote," akasema Bibi.

"Wote," akasema Mjomba, huku anavaa viatu.

Mama Cherehani alifumba macho, akavuta pumzi, akachukua mkoba.

*

Duka lilikuwa na ubaridi na taa nyingi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye pafyumu kali na tabasamu lisilokwisha. Aligeuza skrini yake waione.

"Hapa kwetu mnachagua kila kipande," akasema. "Sisi tunaunganisha. Mnarudi nyumbani na kompyuta tayari, mnachomeka tu."

"Vipande gani?" akauliza Mama Cherehani.

"Kasha la nje. Prosesa, ambayo ndiyo inafanya hesabu zote. Kadi ya picha. Memori. Diski ya kuhifadhia. Na pawa saplai, inayogawa umeme ndani."

"Vizuri," akasema Bibi. "Vinatutosha kugawana."

Ni kweli. Aligawa pale pale, kama mtu anayegawa maandazi.

Mjomba alikuwa dereva wa lori, na kwa maoni yake kila kitu duniani ni lori. "Prosesa niachieni mimi," akasema. "Hiyo ndiyo injini. Injini ikiwa kubwa, hata mlima unapanda." Akachagua prosesa kubwa kuliko zote.

Baba alipigiwa simu huko aliko, ili naye asinyimwe haki yake. Alikuwa kazini, upepo ukivuma kwenye simu. "Diski!" akapiga kelele. "Chagueni kubwa! Ghala halijai!" Wakachagua diski kubwa, ya aina ya zamani inayozunguka, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kwa bei ndogo.

Bibi akachukua kasha. Muuzaji akamwonyesha moja lenye wavu mbele.

"Sitaki wavu," akasema Bibi. "Utaniziba."

"Utakuziba nini, mama?" akauliza Mama Cherehani. Bibi alikuwa mama mkwe wake, na alimwita mama.

"Nachagua mimi au unachagua wewe?"

Bibi akachagua kasha lililozungukwa na kioo safi, halina hata tundu moja mbele. Ndani lilikuwa na taa zinazobadilika rangi. Alilizunguka mara mbili, akaligusa kwa kidole, akaridhika.

Ikafika zamu ya Mama Cherehani. Akapewa pawa saplai. Yeye ndiye aliyelipa bili ya umeme kila mwezi, na pasi yake ya kunyooshea nguo ilikuwa ikimlia fedha bila huruma. Aliziona pawa saplai zimeandikwa namba, kubwa na ndogo.

"Nipe ndogo," akasema. "Ndogo kabisa. Sitaki kitu cha kula umeme nyumbani kwangu."

"Mteja ni mfalme," akasema muuzaji.

"Kuna kadi ya picha," akasema Chiriku kwa sauti ndogo. "Kwa gemu, nadhani hiyo ndiyo..."

"Picha?" akadakia Mjomba. "Picha si tunapiga kwa simu?"

Muuzaji alitazama jumla ya bei, akatazama uso wa Mama Cherehani. "Inaweza kufanya kazi bila kadi," akasema. "Prosesa hii ina uwezo mdogo wa picha ndani yake. Skrini itawaka."

"Si umesikia? Skrini itawaka," akasema Mjomba.

Memori ikabaki kijiti kimoja, kile kilichokuja na bei. Chiriku, ambaye ndiye angecheza, akaambiwa achague kipanya. Akachagua cheusi.

Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini siku hiyo manahodha wote walirudi nyumbani wakicheka.

*

Jumapili iliyofuata wote walikaa mapema. Kompyuta iliwekwa juu ya meza, karibu na dirisha. Skrini mpya, iliyonunuliwa pamoja nayo, iliwekwa upande wa pili. Taa ndani ya kasha ziligeuka bluu, kijani, zambarau. Bibi alisogeza kiti chake hadi karibu na kasha, akavaa miwani, akakunja mikono. Walidhani anafurahia taa zake.

Chiriku alifungua gemu. Likachukua muda mrefu kufunguka, diski ikikwaruza ndani. Bibi aliuliza kama kuna panya. Mwishowe mji ukaonekana. Mvua ilikuwa inanyesha. Juu ya daraja jipya alisimama mtu mdogo mwenye kofia ya njano.

"Baba!" akasema Chiriku. Aliinuka kidogo kwenye kiti.

"Chi... ku... u wa... pi..." ikasema spika.

Chiriku alisukuma viatu vyekundu viende mbele. Vikakaa. Vikaruka. Vikakaa tena. Mvua ilisimama hewani, ikadondoka yote kwa pamoja, ikasimama tena. Mtu mwenye kofia ya njano alipunga mkono, na mkono ukabaki juu.

"Mwambie nipo," akasema Chiriku. "Mama, mpigie simu umwambie nipo, nakuja!"

Skrini ikaganda. Gemu likajifunga lenyewe. Wakabaki wakitazama picha ya ua iliyokuja na kompyuta.

Simu ililia.

"Umekula?" akauliza Baba.

"Ndiyo."

"Pole, mwanangu. Nilingoja darajani."

"Haidhuru. Nampa mama."

Chiriku aliweka simu mkononi mwa mama yake, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Mama Cherehani angependa aubamize. Mtoto anayebamiza mlango bado ana la kusema.

Hapo ndipo moto ulipowaka sebuleni.

"Prosesa yangu haina kosa!" akasema Mjomba kabla hajaulizwa. "Ile ndiyo kubwa kuliko zote!"

"Taa zangu zinawaka," akasema Bibi. "Na kioo changu ni kizima. Ila sioni kitu."

"Nani amekuuliza taa?" Mama Cherehani alijishika kichwa. "Nimetoa cherehani yangu ya pili kwa ajili ya kitu hiki! Cherehani! Na sasa nina nini? Nina taa za harusi!"

"Usinipigie kelele, mke wa mwanangu."

"Sikupigii kelele, mama. Naipigia kelele kompyuta!"

Mjomba hakukubali kushindwa. Kesho yake alikuja na kadi ya picha aliyoazima kwa rafiki yake. "Tatizo ni picha, basi hii hapa," akasema, ingawa ni yeye aliyeikataa dukani. Alifungua kasha, akaichomeka, akaunga waya kwa kipande cha waya mwingine. Akamwita Chiriku. Gemu likafunguka. Mvua ikanyesha kama mvua. Viatu vyekundu vikapiga hatua, hatua nyingine, na uso wa Chiriku ukaanza kufunguka.

Tap! Kompyuta ikazimika. Taa zote zikafa.

Waliiwasha. Ikazimika. Wakaiwasha tena. Ikazimika tena, na safari hii kukawa na harufu.

"Nimechoka," akasema Mama Cherehani. "Jamani, nimechoka na nyie wote. Mmoja anataka injini, mmoja anataka taa, mmoja anataka ghala. Hakuna hata mmoja wenu aliyemfikiria mtoto!"

*

"Hodi hapa! Nimekuja kuchukua suruali zangu, au nirudi mkishauana?"

Aliyesimama mlangoni alikuwa jirani yao wa nyumba ya nyuma. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi mbalimbali mjini. Daima alikuwa na bisibisi mfukoni, nayo ilikuwa ikitoboa mifuko, na Mama Cherehani alikuwa akiishona upya. Kwa hiyo wote walimwita Dada Bisibisi. Alikuwa mtu wa maneno ya moja kwa moja, na subira yake ilikuwa fupi kuliko ya Mama Cherehani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uamue ugomvi."

Dada Bisibisi alinusa. "Chomoeni huo waya ukutani kwanza. Nani ameunga hivi?"

Mjomba alitazama dari.

"Waya wa kuungaunga namna hii unaunguza nyumba, Mjomba. Lori lako ungeliunga hivi?"

Alichomoa waya, akafungua kasha, akachungulia. Kisha akaguna.

"Mlianza kuchagua nini?"

"Kasha," akasema Bibi.

"Prosesa," akasema Mjomba.

"Basi wote mlianzia mwisho. Mtoto anacheza gemu gani?"

Walitazamana. Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka, na Chiriku akataja jina la gemu.

"Ahsante. Mtu mmoja mwenye akili." Dada Bisibisi alikaa kwenye kochi, miguu ikaning'inia, akalitazama kochi kwa mshangao. "Kila gemu husema linataka nini. Imeandikwa pale pale linapouzwa. Kuna kiwango cha chini, na kuna kiwango kinachopendekezwa. Shika kile kinachopendekezwa. Ukishajua hicho, ndipo unaanza kuchagua. Hapo kabla, unanunua usichokijua."

Mama Cherehani alikuwa amefungua mdomo aseme jambo kali. Akaufunga. Mteja akija kwake na kitambaa, jambo la kwanza analouliza ni lipi? Nguo ni ya kwenda wapi. Ya shambani au ya ofisini? Hajawahi kukata kitambaa kabla ya kuuliza hilo. Hata siku moja.

"Sikuuliza," akasema. "Kila siku nawauliza wateja, na hili sikuuliza."

"Sasa tuulize," akasema Dada Bisibisi. "Kompyuta ya gemu, kitu kinachobeba mzigo mkubwa ni kadi ya picha. Mvua ile, mito ile, vivuli, vyote vinachorwa na hiyo. Hapo ndipo fedha nyingi zinakwenda. Kisha prosesa."

"Nilisema!" akadakia Mjomba.

"Prosesa ya kulingana na kadi, Mjomba. Ukifunga injini ya lori kwenye mkokoteni, utafika?"

Mjomba alifikiri. "Magurudumu yatang'oka," akakiri.

"Basi. Ya kati ingetosha. Fedha zilizobaki zingenunua kadi." Akagonga diski kwa bisibisi. "Hii inazunguka, inatafuta, inakwaruza. Weka ile isiyozunguka, ya SSD, hata kama ni ndogo. Gemu litafunguka haraka. Memori nayo, vijiti viwili vinavyofanana vinasaidiana kuliko kimoja. Na ukinunua kompyuta iliyounganishwa dukani, uliza jina la kila kipande, hasa vile visivyotajwa. Muuzaji akikuimbia prosesa tu akanyamaza, ujue kuna alichonyamazia."

"Na kasha langu?" akauliza Bibi.

"Kasha lako, Bibi, ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Halipumui. Vitu hivi vikifanya kazi hutoa joto. Lazima hewa iingie mbele na kutoka nyuma. Hili ni sawa na kukimbia umefungwa blanketi."

Mama Cherehani alisubiri Dada Bisibisi amalize, kisha akauliza kile kilichomkera zaidi.

"Lakini kwa nini ilikuwa inazimika? Jana ilikuwa mbaya lakini haikuzimika. Leo gemu limekubali, mtoto ameanza kutembea, ikazimika! Nani ameharibu?"

Dada Bisibisi aliinama, akasoma namba ndani ya kasha. "Pawa saplai. Ni ndogo mno. Kadi imeomba umeme, imekosa, mashine ikakata. Hiki kipande hakifai hata bila waya wa Mjomba. Nani alichagua hiki?"

Mjomba alikohoa. Bibi alivua miwani, akaifuta polepole sana. Chiriku alitazama chini.

"Haya, semeni," akasema Dada Bisibisi. "Nani?"

"Mimi," akasema Mama Cherehani.

Aliona aibu, na aliona hasira, na hasira hiyo sasa haikuwa na wa kumwangukia. "Nilitaka kubana umeme! Kubwa si inakula umeme mwingi?"

"Hapana. Ile namba si kiasi inachokula. Ni kiasi inachoweza kutoa. Jikoni una pipa kubwa la maji. Ukisikia kiu unakunywa pipa zima?"

"Nakunywa kikombe."

"Na kompyuta hivyo hivyo. Inachukua inachohitaji. Ila pipa likiwa dogo, siku ya kufua utaaibika. Jumlisha mahitaji ya vipande vyote, acha na akiba juu, na nunua iliyo imara. Hapo usibane."

Mama Cherehani aliketi. Muda wote alikuwa akiwagombeza watu kwa kutomfikiria mtoto, na aliyezima taa usoni mwa mtoto ni yeye.

"Chiriku," akasema. "Dukani ulitaka kusema kitu. Tukakukatiza."

"Nilitaka kusema kadi ya picha."

"Najua. Pole, mwanangu. Kesho tunarudisha hii, bado muda wa kurudisha haujaisha. Na safari hii hatugawani. Unachagua wewe, pamoja na Dada Bisibisi."

"Na mimi je?" akasema Mjomba.

"Wewe utabeba."

Kila mtu alicheka, isipokuwa Bibi. Alikuwa bado ameshika miwani.

"Kasha la kioo lisirudishwe," akasema.

"Mama! Hujasikia? Halipumui!"

"Nimesikia. Lakini mkileta lenye wavu, mwanangu nitamwona wapi?"

Bibi alionyesha kompyuta ndogo ya zamani kwenye rafu. "Ile mliniambia ni kompyuta. Ukiifungua, yeye alikuwa anaonekana hapo hapo. Tukaenda dukani, yule kijana akagusa kasha, akasema hii ndiyo kompyuta. Nikachagua lenye kioo kikubwa, kisafi, ili nimwone vizuri. Jumapili nilikaa nikatazama. Niliona taa tu. Nikasema, labda hajafika."

Mama Cherehani alitafuta hasira yake mahali pote, hakuipata. Alikwenda akashika kiti cha Bibi, na Bibi akiwa juu yake, akakiburuta hadi upande wa pili wa meza, mbele ya skrini.

"Hapa, mama," akasema. "Anaonekana hapa. Kosa ni letu, hatukukuambia."

*

Dukani muuzaji hakutabasamu sana.

"Lakini mlichagua wenyewe," akasema. "Mimi nasema mteja ni mfalme."

"Mfalme akitaka kujikata kidole, unampa kisu?" akauliza Mama Cherehani.

Chiriku alisogea mbele. Alitaja gemu, akataja linachotaka, akachagua kadi ya picha. Kisha prosesa ya kati, vijiti viwili vya memori, diski ya SSD, pawa saplai yenye akiba, na kasha la kawaida lenye wavu mbele na feni. Dada Bisibisi alisimama nyuma yake. Mara moja tu aliingilia, aliposikia muuzaji akisema "pawa saplai nzuri".

"Nzuri inaitwa nani?" akauliza. Muuzaji akataja jina.

Mjomba alitazama prosesa yake kubwa ikirudi kabatini. Aliguna kama mtu anayeuza ng'ombe. Lakini bei ya prosesa hiyo na ya kasha la kioo ndiyo iliyonunua kadi ya picha. Walipojumlisha, nyongeza ilikuwa ndogo.

"Na hatuondoki," akasema Mama Cherehani, "mpaka uiwashe hapa, mtoto afungue gemu lake, acheze, tuone haizimiki wala haipati homa."

"Mama, tuna wateja wengi."

"Sisi tuna subira." Huo ulikuwa uongo mtupu, lakini aliusema vizuri. Kompyuta ikawashwa. Ilikaa imewaka hadi Mjomba akasinzia kwenye kiti cha duka.

*

Jumapili alasiri mvua ilinyesha tena katika ule mji mdogo. Safari hii ilidondoka tone kwa tone. Mtu mwenye kofia ya njano alisimama darajani. Viatu vyekundu vilitoka sokoni, vikapita shuleni, vikakimbia barabara nzima bila kukwama, mpaka vikafika mbele yake.

"Umefika!" ikasema spika.

"Nimefika! Baba, unajua nini? Yule mwalimu ameumwa, tumeletewa mwingine, huyo mwingine hajui kuandika ubaoni, halafu jino langu limeng'oka, halafu Mjomba nusura aunguze nyumba, halafu..."

"Mbona umekonda?" akauliza Bibi. Alikuwa amesogea hadi pua iko karibu na skrini.

"Mama? Ni wewe? Huyu ni mchoro tu, mama!"

"Mchoro au si mchoro, umekonda. Na vua hiyo kofia nikuone."

Baba alicheka mpaka spika ikakwaruza. Chiriku alicheka, na hakuacha kuongea hata alipokuwa anacheka. Mjomba aliingia kueleza kwamba daraja limejengwa vibaya. Bibi alimwambia anyamaze. Wote wanne wakawa wanasema kwa pamoja.

Mama Cherehani alikuwa na gauni la mteja la kumaliza. Alipoteza mshono. Akaufumua, akaanza upya, akaupoteza tena.

"Jamani!" akafoka. "Mtu hawezi hata kushona!"

Akabeba kiti chake hadi mlangoni, mbali kidogo na kelele. Lakini mlango aliuacha wazi.